Siku Gari la Mwishehe Lilipokunywa Maji

Mniache na mambo yenu. Kila anayekuja Kisarawe na kalamu mfukoni anaelekezwa kwangu, ati nenda kwa yule bibi, yeye ndiye anayejua habari za Mwishehe na gari lake. Kwani Mwishehe hakuzaa? Ana watoto, ana wajukuu, wana midomo inayokula na kusema, waulizeni wao. Mie kusoma nimejifunzia ukubwani, herufi zangu zinatembea kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto, halafu mnataka niandike. Haya, nitaandika, ila si kwa kuwapendeza. Naandika kwa sababu uongo umenichosha. Mmoja anasema gari lile liliuawa na jini la kijito. Mwingine anasema Wanyamwezi walilifanyia dawa. Hakuna jini, hakuna dawa. Gari liliuawa na Mwishehe mwenyewe, mchana kweupe, na mguu wake wa kushoto ndio uliomalizia kazi.

Mwishehe alikuwa mtu wa hapahapa, Mzaramo wa kilimani, mrefu, mwembamba, shingo imetoka mbele kama mtu anayechungulia dirisha la jirani. Alizaliwa wakati Mjerumani anafungasha virago. Baba yake alimwachia minazi, michungwa na jina zuri. Minazi akaiacha ipandwe na kila mwenye kiu, machungwa akayaacha yaozee chini, jina ndilo alilolitumia.

Ujanani alikwenda kule Ruvu, kwenye shamba la mkonge la Mgiriki mmoja, akawa taniboi wa lori. Kazi yake ilikuwa kuweka gogo nyuma ya gurudumu lori likisimama kilimani, kuteka maji ya redieta, na asubuhi kuzungusha hendeli mpaka kwapa litoe moshi. Baadaye akapewa usukani, akapata leseni, akarudi kututembelea amevaa kofia ya kaki ambayo hata mlangoni mwa msikiti aliivua kwa kinyongo. Maalimu alimwambia, "Mwishehe, Mungu anakujua hata bila kofia." Mwishehe akajibu, "Ananijua, ila wengine humu hawanijui."

Alikuwa na ila moja kubwa, nayo ndiyo iliyomfikisha alikofika. Mwishehe hakuwa mtu wa kurudi nyuma. Si kwenye gari tu, hata kwa miguu. Akisahau bakora nyumbani hakugeuka njiani kuifuata. Alizunguka kwa shamba la jirani, akapita nyuma ya choo, akaingia kwake kama mgeni anayetoka upande mwingine. Gia ya kurudi nyuma aliiita gia ya waoga, na nasikia kule shambani lori lake lilikuwa likizungushwa nusu ya mkonge wa Mgiriki ili tu ligeuke.

Vita ya Hitla ilipokwisha, Mgiriki akachoka na mkonge akarudi kwao, na gari lake mwenyewe akamwachia Mwishehe. Kwa nini, sijui, na aliyejua hakusema. Lilikuwa gari dogo jeusi, kuukuu, la turubai juu, taa zake zimetokeza kama macho ya chura, boneti imefungwa kwa kamba ya mkonge. Likiwaka lilikohoa kama mzee aliyevuta kiko tangu tumboni mwa mamaye. Watoto wa kijiji wakalipa jina, Kikohozi. Mwishehe akikusikia unalitaja hivyo, wewe hupandi tena. Kwake yeye lilikuwa Motokaa, basi, kana kwamba duniani hakuna nyingine.

Sasa, Mwishehe na mkewe Biubwa walikuwa na binti mmoja, Mwanne. Alipovunja ungo aliwekwa ndani kama tulivyowekwa sote, akapelekwa kwa bibi yake kule Mkuza. Akakaa ndani tangu mihogo inapandwa mpaka ikang'olewa na mingine ikapandwa. Jua halioni, kazi hafanyi, kula ni kula tu, na kungwi wake Bi Siwema akimfunda ya kufundwa. Siku ya kutolewa, mguu wa mwali haugusi ardhi wala neno halimtoki kinywani. Anabebwa mabegani mpaka uwanjani, watu wacheze naye. Na kwa ukoo wa Mwishehe kulikuwa na sharti lao jingine. Ngoma ya kumpokea ikishapigwa haizimwi, na mwali lazima aingie uwanjani kabla jua halijazama. Jua likizama ngoma inalia na yeye hayupo, basi, anarudishwa ndani mpaka mwaka mwingine. Kuna shangazi yao lilimkuta hilo. Alipotoka mara ya pili alikuwa mweupe kama muhogo uliomenywa, na mchumba alikwishaoa kwingine.

Mwaka ule masika yaliingia yakakataa kutoka. Mpunga umeiva, mwezi wa kutoa mwali umefika, na mvua bado inanyesha. Jioni moja Mwishehe anakula ugali na kisamvu, akatangaza.

"Mwanangu habebwi mabegani. Kwani ni gunia la mbata? Nitamleta kwa motokaa."

"Kila mwali hubebwa," Biubwa akasema. "Mimi nilibebwa. Mama yako alibebwa."

"Mama yangu, baba yake hakuwa na gari."

"Baba Mwanne, pale bondeni pamejaa maji."

"Gari lina magurudumu."

"Na punda ana miguu, mbona hapiti?"

"Punda hana leseni," Mwishehe akasema, akalamba vidole. Na kesho yake akaenda kulitangaza barazani, ili hata akitaka kujirudi asiweze.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Mvua ilinyesha usiku kucha, asubuhi ikakatika, jua likatoka kama halikuhusika. Mwishehe akaenda Mkuza kumchukua mwali. Mwanne aliingizwa garini amebebwa na shangazi zake, amepakwa mafuta mpaka anateleza, shanga shingoni, kanga mpya imemfunika kichwa na uso. Kiti cha nyuma akakaa yeye na Bi Siwema, na Bi Siwema hakuwa mwanamke wa kukaa mahali padogo. Betri ya gari lile ilikuwa chini ya kiti hichohicho. Nalisema sasa ili msije mkaniuliza mbele ya safari.

Kabla ya kupanda kilima chetu kuna bonde la mpunga, na kijito kinaikatiza barabara. Kiangazi unakiruka bila kupandisha kanga. Mle bondeni walikuwa wanalima Wanyamwezi waliokuja zamani kukata mkonge, mkataba ukaisha, kwao wakaona mbali, wakabaki. Mkubwa wao aliitwa Thadeo, Mkatoliki, rozari shingoni na ulimi wa shetani kinywani. Siku hiyo walikuwa wanaamia ndege wasimalize mpunga, kila mtu juu ya dungu lake, anarusha madonge ya udongo.

Na sisi na Wanyamwezi ni watani. Asiyejua utani nimwambie. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, akakunyang'anya paja la kuku chunguni, akajilaza ndani ya kaburi la baba yako kabla baba yako hajalazwa, akasema humu mna joto, mchimbieni jingine. Na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna, mwenye kosa ni wewe.

Thadeo aliliona gari linakuja, akasimama juu ya dungu.

"Simama, Mzaramo! Maji yamepanda tangu asubuhi! Mbuzi wa Kitwana amepita hapa sasa hivi, wala hakutumia miguu!"

"Mbuzi hana usukani!" Mwishehe akajibu.

"Basi ngoja kidogo, yatashuka. Au rudi nyuma, uzunguke darajani!"

Rudi nyuma! Mtu mwenye akili angemwambia kitu kingine chochote.

Na Mwishehe alijua, mwenyewe alinikiria baadaye. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, alijua. Kule Ruvu alifundishwa na dereva wa kwanza wa lori: ukikuta maji, shuka, ingia mwenyewe na fimbo. Yakipita kitovu cha gurudumu, usiingie. Kama huna budi, legeza mkanda wa feni, nenda polepole kama unayebeba mayai. Yote hayo yalimpitia kichwani. Lakini aliinua macho akawaona Wanyamwezi wamejipanga juu ya madungu kama ndege wenyewe, meno nje, wanangoja kuona Mzaramo akivua viatu. Akaona afadhali azame.

Akakanyaga mafuta. Gari likaingia kijitoni kwa kishindo, maji yakagawanyika huku na huku, na kwa muda mfupi, lazima niseme kweli, lilipendeza. Kisha feni ikayazoa maji ikaimwagia injini kama mtu anayeoga. Plagi zikalowa, moto ukakatika. Na koo la injini, pale inapovutia hewa, likavuta maji. Kikohozi likasema kho, kho, likahema mara moja kubwa, likanyamaza katikati ya kijito.

Maji yakaanza kuingia kwa chini ya milango, taratibu, kama wageni wenye adabu.

Halafu honi ikaanza. Hakuna aliyeigusa. Maji yaliingia kwenye waya, waya zikakutana zisipotakiwa kukutana, honi ikajipiga yenyewe, piiiiiii, bila kupumua. Taa moja ikawaka, ikazima, ikawaka, kama chura anayekonyeza.

"Mwishehe!" Bi Siwema akapiga kelele. "Nyamazisha hilo!"

"Siyo mimi!"

"Ni nani basi?"

"Ni waya!"

"Basi ziambie waya zinyamaze!"

"Haiwezekani mpaka nikaifungue betri. Ondokeni kitini."

"Tushukie wapi? Mwali akanyage maji?"

"Kidogo tu, Bi Siwema."

"Wewe ulizaliwa kidogo tu? Mguu ukigusa umegusa. Hatoki mtu hapa."

Mwanne mwenyewe alikuwa amekunja miguu juu ya kiti, maji yanapita chini yake, kanga usoni, hasemi neno. Ndivyo alivyofundwa.

Sasa sikilizeni balaa lilivyokua. Sauti ya honi ile ilipanda kilima ikatufikia sisi uwanjani. Biubwa alikuwa jikoni, akatoka mbio na mwiko. "Hao! Baba Mwanne anaingia! Pigeni!" Na wapigaji walikwisha kunywa tembo la kutosha, hawakungoja kuambiwa mara ya pili. Ngoma ikalia. Mie mwenyewe nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka, vya bure kabisa, na hakuna aliyenirudishia.

Bondeni Mwishehe aliisikia ngoma. Jua lilikwisha kuvuka alasiri. Mlio wa gari lake bovu ndio uliomwitia ngoma, na ngoma haizimwi.

Wanyamwezi wakashuka madunguni, wakaingia majini, wakalisukuma gari huku wanaimba, wakalitoa ng'ambo mpaka juu ya tuta, pale barabara inapoteremka kidogo kabla ya kuanza kilima. Mwishehe akakata kamba ya boneti. Maji yalichuruzika kila mahali. Kwenye redieta alinasa kambare mdogo, bado anatikisa mkia. Thadeo akamchomoa.

"Kitoweo cha matanga," akasema, akamtia mfukoni.

Mwishehe akachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Hapo alijua tena. Alijua kwamba sasa anatakiwa kuzifungua plagi, injini izungushwe iteme maji yote, oili imwagwe itiwe nyingine, kile kidude kinachogawia plagi moto kikaushwe, waya zianikwe. Kazi ya mpaka kesho yake. Na kesho ilikuwa ni mwaka mwingine kwa Mwanne.

Nyuma yake watani walikwisha kuanza yao. Walilifunika gari kwa majani ya mpunga. Mmoja alikaa juu ya bampa, mikono kichwani, analia, "Kikohozi wee! Umetuachia Mzaramo wa kutembea kwa miguu!" Mwingine akauliza mjane yuko wapi apewe kaniki. Thadeo akapanda juu ya jiwe akatoa hotuba.

"Ndugu wafiwa. Marehemu alizaliwa Ulaya, akalelewa na Mgiriki, akaja kufia kwa watu wasiojua hata kuogelea. Ugonjwa wake mnaujua. Alikunywa. Hatumsemi vibaya, ila alikunywa mchana, mbele ya mwali."

Watu wakaanguka kwa kicheko. Honi nayo inalia, piiiiii, Thadeo akainyooshea kidole. "Mnaona? Hata mwenyewe anajililia."

Mwishehe akaenda mbele kuchukua hendeli. Haipo. Thadeo alikuwa ameikumbatia kama mtoto.

"Mali ya marehemu hii. Unaijua desturi. Ikomboe."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa machozi. Mfiwa hajalia, sisi tutazikaje? Lia kidogo tu, Mzaramo, hata jicho moja."

"Gari halijafa!"

"Ndivyo wanavyosema wote siku ya kwanza."

Hapo ndipo Mwishehe alipofanya lile lisilofanywa. Alinuna. Si kununa kwa mchezo; macho yalimwiva, akamkamata Thadeo kifuani, akampokonya hendeli, akamsukuma akakaa matopeni. "Nipishe, mpagazi mkubwa wewe! Nina kazi!"

Kicheko kikakatika. Honi tu ndiyo iliyoendelea. Thadeo aliinuka polepole, akajifuta matope, akarekebisha rozari yake.

"Haya, bwana dereva," akasema kwa adabu. "Tuwie radhi. Tulidhani ni wewe."

Bwana dereva! Hakumwita Mzaramo, hakumwita mtani. Adabu ya mtani inatisha kuliko matusi yake. Wenzake wakayaondoa majani ya mpunga juu ya gari, jani moja moja, wakasogea pembeni.

Mwishehe akachomeka hendeli, akazungusha. Haikwenda. Akaning'inia juu yake kwa uzito wake wote, ambao haukuwa mwingi. Ilikuwa kama amejaribu kuzungusha msumari uliopigwa kwenye nguzo. Maji yalikuwa yamekaa juu ya pistoni, na maji hayabonyei. Alijua. Mara ya tatu sasa mtu huyu anajua.

Juu kilimani ngoma ilibadilika, ikaingia ile ya haraka haraka.

"Nisukumeni," akawaambia.

"Sawa, bwana dereva," Thadeo akasema.

Walimsukuma kimya, kwa heshima, kama watu wa serikali. Gari likaanza kuteremka lile teremko dogo, Mwishehe ametia gia ya pili, mguu wa kushoto umeikandamiza klachi. Bi Siwema akasema, "Bismillahi." Mwishehe akauachia mguu.

KAA!

Sisi huko juu tulidhani mtu amepasua kinu. Bi Siwema aliruka kitini akarudi pale pale. Gari likasimama palepale kama lililoshikwa mkia, na chini yake ikaanza kudondoka ile chai ya maziwa, tena na vipande vya chuma ndani yake. Injini ilikuwa imenoki. Mtu yeyote aliyewahi kukaa karibu na gari angejua kwamba hapo hakuna fundi wala maulidi.

Mwishehe alibaki ameshika usukani. Jua lilikuwa limeshuka kwenye vichwa vya minazi. Mbele yake kilima, nyuma yake kijito, na honi bado inalia ila sasa imeanza kukaukiwa, kama mlevi aliyechoka kuimba.

"Haya," Bi Siwema akasema peke yake. "Mwaka mwingine. Na nimfundishe nini tena? Nimekwisha kumfundisha yote. Sasa itabidi nianze kumfundisha uongo."

Mwishehe alifikiri kumbeba Mwanne mwenyewe. Alifikiri kwa muda mfupi, maana binti alikuwa amelishwa mwaka mzima na zaidi, na baba mwenyewe ungeweza kumpitisha kwenye tundu la kitasa. Waliokuwa na mabega ni wale Wanyamwezi, nao walikuwa wamekaa juu ya nyasi, wamempa mgongo, wanaongea kwa lugha yao habari za ndege.

Hapo ndipo chini ya ile kanga ilipotoka sauti nyembamba, kavu, ya mtu ambaye hajasema na mwanamume tangu mihogo ile ya kwanza.

"Baba. Lia."

Bi Siwema akashikwa na kikohozi kikubwa cha ghafla, akakohoa, akakohoa, akagonga na mlango ili asikie mlango. Mwali hasemi, na yeye kungwi hakusikia kitu. Mpaka anakufa aliapa hakusikia kitu.

Mwishehe akashuka. Akavua ile kofia ya kaki, akaiweka juu ya boneti. Akasimama mbele ya zile taa za chura, na mikono yake hakujua aiweke wapi.

"Wee Kikohozi," akasema. Hakuwahi kulitaja hivyo maishani. "Kikohozi wee."

Mwanzo alilia kama mtoto aliyetumwa kulia msibani, jicho kavu, mdomo mpana. Wanyamwezi hawakugeuka. Halafu, sijui akakumbuka nini, labda zile asubuhi za hendeli, labda mwanawe anarudishwa kwenye giza kwa sababu ya shingo yake ngumu, kikatoka kilio chenyewe, kile cha kamasi. Thadeo akageuza kichwa.

"Mtani," Mwishehe akasema, "nimekosa. Nilinuna."

"Tena msibani."

"Tena msibani. Nimekosa."

"Marehemu kauawa na nani? Maji?"

"Mimi."

"Sema kwa nguvu, ndege wa upande ule hawajasikia."

"Mimi!" Mwishehe akapiga ukelele, na bonde zima likamjibu. "Mimi, mbwa mimi!"

"Mbwa hatukusema," Thadeo akasema, akainuka. "Mbwa husikia akiitwa. Haya jamani, mfiwa amelia, mazishi yaendelee!"

Na kicheko kikarudi bondeni kama vile hakikwenda mbali. Thadeo akalizunguka gari, akakitazama kiti cha nyuma.

"Uliapa mwanao habebwi mabegani, atakwenda kwa motokaa. Sisi hatutaki uape uongo. Atakwenda kwa motokaa."

Walilivua turubai. Wakamtoa kwanza Bi Siwema, jambo lililohitaji watu wengi na maneno ambayo siyaandiki. Kisha wakafungua skurubu, wakaingia huku na huku, wakakinyanyua kiti chote cha nyuma juu juu, pamoja na Mwanne juu yake, wakakiweka mabegani. Betri ikaonekana, Mwishehe akanyofoa waya yake, na honi ikakata roho.

Huko juu honi ilipokatika, sisi tukatazamana. Biubwa mwiko ulimwanguka. Bondeni Thadeo naye akaliona hilo.

"Gari haliendi bila honi," akasema. "Mzaramo, tangulia. Piga."

"Nipige nini?"

"Una mdomo, huna?"

Basi, wapendwa, ndivyo tulivyomwona Mwishehe akitokea kilimani siku ile. Ametangulia mbele, kichwa wazi, suruali imejaa matope mpaka kiunoni, mashavu yamevimba, "Pii! Pii! Piiii!" Nyuma yake Wanyamwezi wanaimba wimbo wa wapagazi wa zamani, wamebeba kiti cheusi cha ngozi kilichochanika, na juu ya kiti Mwanne, amekaa ametulia, mafuta yanang'aa, miguu mikavu. Mwisho kabisa Bi Siwema, kanga kwapani, anatukana kila jiwe. Jua lilikuwa bado limeshika ncha za minazi, wembamba wa kucha hivi. Mwanne akaingia uwanjani. Vigelegele vya safari hii vilikuwa vya haki.

Biubwa alimwendea mumewe.

"Baba Mwanne, gari liko wapi?"

"Pii," Mwishehe akasema.

Watani walikula pilau yote ya wanaume, na hakuna aliyenuna.

Baadaye fundi aliletwa, akaifungua injini pale pale bondeni. Chuma kinachoshika pistoni kilikuwa kimepinda kama ndoana, tumbo la injini limepasuka, dainamo imejaa mchanga, waya zimekwisha kuota kutu ya kijani. Akakunja vyombo vyake akaomba maji ya kunawa. Kikohozi halikuwaka tena, jua wala mvua. Kuku wa jirani wakaanza kutagia ndani yake, na Mwishehe aliwafukuza kwa muda, kisha akachoka, kisha akawa anakwenda mwenyewe kuokota mayai.

Hakukaa bure. Alipata kazi ya lori la mwenye duka mmoja, akaliendesha miaka mingi mpaka macho yakamkatalia. Akifika kwenye maji, hata dimbwi la bata, alisimamisha lori, akakunja suruali, akaingia na fimbo, akapima, abiria wanamtukana. Hakuwajibu. Ila gia ya kurudi nyuma, nasikia, ile ilibaki mpya mpaka lori lilipouzwa.

Mwanne aliolewa Gwata na mchumba aliyengoja siku ile pembeni ya ngoma, mate yamemkauka. Amezaa, amezeeka, amenenepa kuliko Bi Siwema. Ukimuuliza alimwambia nini baba yake pale bondeni, anakutazama moja kwa moja, anasema mwali hasemi.

Nimemaliza. Sasa wewe uliyekaa hapo unacheka jino la mwisho linaonekana, usidhani umecheka bure. Kwenu naye yupo. Kila nyumba anaye mmoja, babu, mjomba, mume, aliyeambiwa simama na kila mtu akaingia mzima mzima mbele ya watu. Chukua karatasi, uniandikie jina lake, alichokiharibu, na nani alimwambia asifanye. Andika herufi kubwa, macho yangu si ya kuchezea. Na usinidanganye kwamba kwenu hakuna, maana nitatuma mtu aje kumuuliza mama yako.